Safu ya Jina

Mimi naitwa Behewa. Cheka, umalize.
Mama alishikwa na uchungu treni ikiwa imekwama
kati ya Kigwe na Bahi, daraja la tatu,
juu ya gunia la karanga la mtu asiyemjua.
Mwenye karanga hakudai fidia.
Aliomba tu mtoto asiitwe Karanga.

Kwetu jina halichaguliwi. Linakukuta.
Rafiki yangu Operesheni alizaliwa juu ya lori,
siku walipohamishiwa kijiji kipya,
tembe lao nyuma linafuka, mboga ingali mekoni.
Mama yake alikumbatia chungu cha makaa kulia,
mtoto kushoto,
na hadi leo hasemi kipi kilimuunguza zaidi.

Bulga alikuja pamoja na magunia ya msaada,
mwaka watu walipochemsha ngozi za kulalia.
Sasa ana kitambi, ana ekari tatu za zabibu Hombolo,
na kila njaa inapotajwa redioni
wanageuka kumtazama yeye
kana kwamba ndiye aliyetia sahihi.

Na Madeni, maskini, ambaye baba yake
alibakiza ng'ombe wanne wa mahari:
wajomba walikuja kumwita kwa sauti, mlangoni, alfajiri,
hadi baba akalipa.
Ng'ombe wakaenda. Jina likabaki.

Mimi na Damari tulitaka kuwa watu wa kisasa.
Wa kwanza tulimwita Elieza. Mchungaji alitufafanulia:
Kiebrania hicho, Mungu wangu ni msaada.
Alikaa nasi miezi miwili.
Wa pili Yosia, Bwana hutegemeza.
Siku tisa.
Majina mazuri. Yameandikwa kwa rangi nyeupe
kwenye vipande viwili vya mbao, nyuma ya minyaa.

Alipokuja wa tatu, Bibi Persisi akasema:
"Mwiteni Jalala. Kifo kina maringo, hakiokoti vya jalalani."
Damari akasema yeye hanyonyeshi jalala.
Shangazi akaleta Matata, akaleta Simtaki.
Mjomba akaleta jina la golikipa.
Mimi nilinyamaza, nikachora siku ukutani kwa mkaa:
saba, nane, tisa.
Ya kumi nilikaa na mkaa mkononi hadi jogoo akawika.

Tukaenda kliniki Bahi. Vumbi, mizani, foleni ya kanga.
Nesi akatikisa peni iliyogoma, akauliza bila kuinua macho:
"Jina la mtoto?"
"Bado," nikasema,
kwa maana ile ile anayoijua kila mtu.
"Siku ya kumi na moja hii! Bado nini?"
Damari akanitazama. Akamtazama mtoto,
aliyekuwa anapiga chafya, mzima kabisa.
"Bado," akasema. "Andika. Ndilo jina."

Nesi akaweka peni chini.
"Asili yake wapi hilo? Maana yake nini?"
Nikamwambia asili yake ni woga wangu.
Maana yake, mgeni akija usiku kumuulizia,
akauliza kama yuko tayari,
atajibiwa kwa jina tu.
Akaandika. Herufi kubwa, akakandamiza
hadi karatasi ikatoboka kidogo kwenye O.

Sasa yuko darasa la tatu, na jina halipendi.
Wenzake humuuliza: umeoga, Bado? Umekula, Bado?
Anarudi amenuna, anataka kuitwa kama watu,
Elieza kwa mfano.
Damari hapo hutoka nje, eti kuangalia mbuzi.

Juzi nilipita shuleni kupeleka mchango wa madawati,
nikasimama kwenye dirisha lisilo na kioo.
Mwalimu alikuwa anaita majina.
"Bado?"
"Nipo."
Nilirudi nyumbani na mchango wote mfukoni.